Kupima na kurekebisha pesimeka mgonjwa anaporudi kliniki

Pesimeka, ambayo wagonjwa wengi huiita betri ya moyo, hutoka kiwandani ikiwa imepangiwa mtu asiyekuwepo. Volti zimewekwa juu kwa tahadhari, kasi ni ya wastani, na vipindi vya kusubiri ni vile vinavyowafaa watu wengi kiasi. Hudhurio la kliniki ndipo mahali pa kukifanya kifaa hicho kiwe cha mgonjwa huyu aliye mbele yako. Anayesoma betri tu na kumwambia mgonjwa "iko sawa" amefanya robo ya kazi.

Mwongozo huu ni wa madaktari, wauguzi na mafundi sanifu wa moyo ambao wameshafundishwa kutumia programa, yaani kompyuta inayozungumza na kifaa kupitia ngozi. Unahusu pesimeka za kawaida zenye waya mmoja au mbili. Vifaa vyenye uwezo wa kushtua moyo vina hatua zake za ziada.

Ratiba inayokubalika ni hii: kipimo cha kwanza ndani ya saa 72 baada ya kuwekewa, cha pili kati ya wiki 2 na 12, kisha kila baada ya miezi 3 hadi 12. Betri ikikaribia kuisha, mwite kila mwezi 1 hadi 3.

Kabla ya kuwasha programa

Muulize mgonjwa kwanza, kwa sababu malalamiko yake ndiyo yatakayokuonyesha mpangilio upi wa kuutazama. Kizunguzungu anachokipata akinyanyua mkono au kusukuma kitu kizito kinaelekeza kwenye waya uliokatika au kelele za misuli. Kuishiwa nguvu ghafla katikati ya ngazi kunaelekeza kwenye kasi ya juu na vipindi vya uziwi, ambavyo tutavifikia. Kwikwi isiyokoma, au misuli ya kifua inayorukaruka pamoja na mapigo, ina maana umeme unafika usikotakiwa. Akisema "nimechoka tu, sina nguvu za kutembea", weka akilini kasi isiyopanda anapojishughulisha, na pia betri iliyokwisha.

Kisha mfungue shati. Tazama mfuko wa ngozi ulipolala kifaa: wekundu, joto, ngozi iliyokonda na kung'aa, usaha, au kifaa kilichohama. Ukihisi kuna majimaji, usichome sindano kuyavuta, maana unaweza kuingiza vijidudu mahali palipokuwa safi. Mfuko ulioambukizwa hautibiki kwa antibiotiki peke yake. Dawa hutuliza dalili kwa muda, ilhali maambukizi yanashuka na waya hadi moyoni. Mgonjwa huyo anahitaji timu inayoweza kuondoa kifaa pamoja na waya zake zote. Mkono wa upande wa kifaa ukiwa umevimba, fikiria mshipa ulioziba kwa damu iliyoganda. Na kifaa kikizunguka kwa urahisi chini ya vidole vyako, muulize kama amezoea kukichezea. Wapo wanaokizungusha hadi waya unajisokota na kuchomoka kwenye moyo.

Unganisha ECG (mchoro wa umeme wa moyo) ya mikono na miguu, na uiache ikiandika muda wote. Difibrileta yenye pedi za kuendesha moyo kupitia ngozi iwe karibu, imewashwa. Hakikisha unajua kilipo kitufe cha dharura kwenye programa yako, kile kinachorudisha mara moja mwendo wa VVI, yaani wa kuendesha chemba ya chini tu, kwa volti za juu. Kitafute sasa, si wakati mgonjwa anageuza macho.

Programa ya kampuni moja haisomi kifaa cha kampuni nyingine. Mgonjwa akiwa amepoteza kadi yake, piga eksirei ya kifua: alama ya mtengenezaji huonekana kwenye kivuli cha kifaa.

Soma, chapisha, ndipo uguse

Baada ya kusoma kifaa, jambo la kwanza ni kuhifadhi au kuchapisha mipangilio ulivyoikuta. Nakala hiyo ndiyo kamba ya kukurudisha ukipotea.

Herufi za mwendo zisikutishe. Ya kwanza ni chemba inayoendeshwa, ya pili ni chemba inayosikilizwa (A ni ya juu, V ni ya chini, D ni zote mbili), na ya tatu ni kile kifaa kinachofanya kikisikia pigo: I ni kunyamaza, T ni kuchochea, D ni yote mawili. R ya nne huonyesha kwamba kasi hupanda mgonjwa akijishughulisha. Kwa hiyo VVI huendesha chemba ya chini, husikiliza chemba ya chini, na hunyamaza ikisikia pigo la moyo wenyewe. DDD husikiliza na kuendesha chemba zote mbili.

Betri

Betri ya litiamu na iodini huanza na volti karibu 2.8. Jinsi inavyotumika, volti hushuka na ukinzani wake wa ndani hupanda, na programa huvibadilisha vipimo hivyo kuwa makadirio ya miezi au miaka. Kifaa kinapofikia alama ya kubadilishwa, ambayo skrini huiandika ERI, kwa kawaida umebakiwa na takriban miezi 3 kabla ya kuisha kabisa. Muda kamili umo kwenye kitabu cha kifaa husika.

Hapa kuna mtego. Baadhi ya vifaa vikifika ERI huacha mwendo wa DDD na kuhamia VVI kwa kasi ya mapigo 65 kwa dakika, ili kubana matumizi. Mgonjwa aliyekuwa na chemba mbili zinazopokezana vizuri huanza kuishiwa pumzi, kuvimba miguu na kuhisi mapigo shingoni. Akifika hospitali hutibiwa kama mgonjwa wa moyo kushindwa, ilhali kinachohitajika ni jenereta mpya, yaani kifaa chenyewe chenye betri.

Programa isipokuwepo, sumaku itakusaidia. Ukiiweka juu ya pesimeka, kifaa huacha kusikiliza na kuendesha moyo kwa kasi maalumu inayoonyesha hali ya betri. Pesimeka za Medtronic huenda kwa 85 betri ikiwa nzima na 65 ikifika ERI. Za Boston Scientific ni 100 na 85. Kwa hiyo 85 ni habari njema kwa kampuni moja na habari mbaya kwa nyingine. Jua kwanza ni kifaa cha nani.

Ukinzani wa waya

Waya nyingi husoma kati ya omu 300 na 1000, na zipo zilizotengenezwa kuwa na ukinzani mkubwa zaidi. Thamani ya leo peke yake haitoshi. Itazame kwenye mstari wa miezi iliyopita. Waya uliokuwa 550 kwa miaka mitatu na leo ni 900 una jambo la kueleza, ingawa 900 bado ni kawaida kwenye jedwali.

Ukinzani ukishuka chini ya 200, ganda la waya limetoboka na umeme unavuja njiani. Ukipanda kupita 2000, waya umekatika ndani, au skrubu inayoubana kwenye jenereta imelegea, hasa kama kifaa kimewekwa wiki chache zilizopita. Waya uliokatika nusu husoma vizuri mgonjwa akilala na vibaya akinyoosha mkono. Kwa hiyo mwambie anyanyue mkono, auzungushe bega, abane viganja pamoja kwa nguvu mbele ya kifua, nawe ubonyeze mfuko taratibu. Wakati huo macho yako yawe kwenye mchoro wa ndani, yaani umeme ambao waya zenyewe zinausikia. Ukiona michirizi ya kasi isiyofanana na mapigo, kifaa kinasikia kelele, na kila kelele inayodhaniwa kuwa pigo hukinyamazisha. Hapo umepata chanzo cha kile kizunguzungu.

Moyo wenyewe ukoje?

Kabla ya vipimo vinavyofuata, jua moyo unafanya nini kifaa kikinyamaza. Shusha kasi polepole, 60, 50, 40, hadi 30, ukimpa mgonjwa muda kila hatua na kumuuliza anavyojisikia. Usiruke kutoka 70 hadi 30. Moyo uliozoea kuendeshwa huchelewa kuamka, na ukinyamazishwa ghafla unaweza kukaa sekunde nyingi bila pigo. Akifika 30 bila pigo lake, au akianza kuona giza mapema zaidi, rudisha kasi na uandike kwa herufi kubwa kwenye faili: anategemea kifaa. Kila hatua inayofuata utaifanya ukikumbuka hilo.

Usikivu

Sasa pima ukubwa wa mawimbi ambayo kifaa kinayasikia. Chemba ya chini hutoa wimbi la R, na zaidi ya milivolti 5 ni zuri. Chemba ya juu hutoa wimbi la P dogo zaidi, mara nyingi milivolti 1.5 hadi 4. Kwa mgonjwa asiye na pigo lake hata kwenye 30, wimbi la R halipimiki leo. Andika hivyo, usilazimishe.

Wanaoanza kazi hii hujikwaa kwenye namba ya usikivu, kwa kuwa inakwenda kinyume na inavyodhaniwa. Ifikirie kuwa ni ukuta ambao kifaa kinachungulia juu yake. Ukuta wa milivolti 4 unaficha kila kilicho kifupi kuliko 4; ukuta wa 1 unaonyesha karibu kila kitu, pamoja na misuli ya kifua. Namba ikipanda, usikivu unashuka. Wimbi la R likiwa 9, kuweka 2.5 au 3 kunaacha nafasi ya kutosha pande zote. Kanuni ya jumla ni nusu ya wimbi lililopimwa au pungufu. Chemba ya juu huachwa kwenye 0.5 au chini yake, ili mawimbi madogo ya mtetemo wa atiria, yaani chemba hiyo ya juu, yasipite kimyakimya.

Kizingiti

Kizingiti ni volti ndogo kabisa ambayo moyo huiitika kila mara. Ndicho kipimo chenye hatari kubwa kuliko vyote kwenye hudhurio hili, na ndicho chenye faida kubwa.

Kwa chemba ya chini, weka kasi 10 hadi 20 juu ya ile ya mgonjwa mwenyewe. Kwenye DDD, fupisha kipindi cha AV, yaani muda wa kusubiri kati ya pigo la juu na la chini, hadi milisekunde 100 au 120 ili kifaa kitangulie moyo. Upana wa pigo la umeme ubaki milisekunde 0.4. Anza volti 2.5 na ushuke kwa 0.25 kila baada ya mapigo mawili au matatu, ukitazama ECG. Ukiona kimstari cha kifaa kisichofuatwa na pigo, simama papo hapo. Kwenye programa nyingi kuachia kitufe kunatosha kurudisha volti za awali. Ikiwa moyo uliitika kwenye 1.0 na kukosa kwenye 0.75, kizingiti ni 1.0.

Kosa la kawaida ni kudanganywa na pigo mseto. Kimstari kikiangukia juu ya pigo ambalo moyo ulishalianza wenyewe, utadhani umeitika hata volti zikiwa karibu na sifuri. Ndiyo sababu ya kutanguliza kasi na kufupisha AV. Tafuta pia wimbi la T: pigo la kweli hufuatwa na T yake, mabaki ya umeme kwenye ncha ya waya hayana T.

Kwa chemba ya juu, angalia kama wimbi la P linafuata kila kimstari. Mgonjwa mwenye kizuizi cha AV, yaani ambaye umeme haushuki vizuri kutoka chemba ya juu hadi ya chini, umpime akiwa kwenye DDD, kamwe si AAI, kwa kuwa AAI itaiacha chemba ya chini bila msaada. Atiria ikiwa kwenye mtetemo, kipimo hiki hakiwezekani.

Volti za kudumu ziwe mara mbili ya kizingiti. Kwa mgonjwa anayetegemea kifaa wengi hawashuki chini ya 2.5 hata kizingiti kikiwa kidogo, nami naona ni busara, kwani miezi michache ya betri haifai kuhatarishia uhai wa mtu. Lakini kuacha volti 5 kwa sababu ya uvivu wa kupima ni hasara. Nishati ya kila pigo hukua kwa mraba wa volti: kwenye waya wa omu 500 na upana wa 0.4, volti 5 hula mikrojuli 20, na volti 2.5 hula 5 tu. Ukizidisha hayo kwa mapigo karibu 100,000 kwa siku, utaona miaka inavyookolewa au kupotea.

Usishushe volti kabla ya miezi 3 kupita. Ncha ya waya huwasha nyama ya moyo, na kizingiti hupanda katika wiki za mwanzo kabla ya kutulia. Baadaye kikipanda bila sababu inayoonekana, ulizia dawa na damu. Flekainidi, potasiamu iliyozidi na damu yenye asidi vyote hukipandisha.

Malalamiko na mipangilio

Sasa soma kumbukumbu za kifaa: asilimia ya mapigo yaliyoendeshwa, chati ya kasi, na matukio yaliyohifadhiwa. Hapo ndipo malalamiko ya mwanzo yanapokutana na namba.

Chukua yule anayeishiwa nguvu ghafla kwenye ngazi. Kwenye DDD, baada ya kila pigo la chini chemba ya juu huwekwa kwenye uziwi kwa muda, kipindi ambacho skrini hukiandika PVARP. Kijumlishe na kipindi cha AV. Ikiwa AV ni 150 na PVARP ni 350, jumla ni milisekunde 500. Gawanya 60,000 kwa 500 upate 120. Atiria ikipita 120, kila wimbi la pili linaangukia kwenye uziwi, na mapigo ya mgonjwa yanaanguka kutoka 120 hadi 60 katikati ya hatua. Mara nyingi mpangilio wa kasi ya juu umeandikwa 130, na aliyeuandika aliamini mgonjwa atafika huko. Hawezi. Fupisha PVARP hadi 250 na jumla inakuwa 400, nafasi inafunguka hadi 150.

Usiifupishe, hata hivyo, kabla ya kupima kama umeme unarudi juu. Endesha chemba ya chini kwa VVI, kasi ya 80 hadi 100, na utazame mchoro wa atiria. Kukiwa na wimbi la P linalofuata kila pigo baada ya, tuseme, milisekunde 280, PVARP ya 250 italiona na kulijibu kwa pigo jipya la chini. Pigo hilo litarudi juu tena, na mzunguko utaendelea usio na mwisho, karibu na kasi ya juu uliyoipanga. Sumaku huukata papo hapo. Tiba ya kudumu ni PVARP ndefu kuliko muda wa kurudi, kama 330. Kwa mgonjwa kama huyo tafuta nafasi kwingine: washa AV na PVARP zinazojifupisha kasi inapopanda. Kizuizi kamili cha kushuka hakithibitishi kwamba umeme haupandi, kwa hiyo pima hata kwa wagonjwa hao.

Asilimia ya chemba ya chini nayo inahitaji uamuzi. Mgonjwa ambaye tatizo lake ni nodi ya SA, kianzishi cha asili cha mapigo, na njia yake ya AV ni nzima, hana sababu ya kuendeshwa chini kwa asilimia 90. Pigo linaloanzia kwenye ncha ya waya hukunja moyo bila mpangilio. Uchambuzi wa jaribio la MOST uliochapishwa mwaka 2003 ulionyesha kwamba waliopita asilimia 40 walilazwa zaidi kwa moyo kushindwa. Refusha AV hadi 220 au 250, au washa programu ya kifaa inayotafuta pigo la mgonjwa mwenyewe. Kupita 300 si vyema, maana atiria huanza kusukuma damu valvu zikiwa zimefungwa. Mwenye kizuizi kamili asilimia 100 ndiyo uhai wake. Kwake fuatilia nguvu ya moyo kwa echo (picha ya mawimbi ya sauti), na ikishuka mpeleke kwa wanaoweza kuboresha mfumo wa waya.

Anayelalamika uchovu, na chati yake ya kasi imejazana yote kwenye 60 hadi 70, anahitaji R. Washa, kisha tembea naye ukumbini kwa mwendo wa haraka dakika 2 au 3. Kasi ikifika 90 hadi 100 inatosha kwa kuanzia. Ikipanda akiwa ameketi tu, kihisio ni kikali mno.

Matukio ya kasi ya atiria usiyaamini kwa kusoma orodha. Fungua mchoro. Kama kila pigo lina alama mbili kwenye mstari wa atiria, moja ya P na nyingine inayolingana kabisa na R, kifaa kinasikia mwangwi wa chemba ya chini. Refusha kipindi cha upofu cha atiria baada ya pigo la chini, au pandisha kidogo ukuta wa usikivu. Kama ni mtetemo wa kweli, andika urefu wa kila tukio. Utafiti wa ASSERT wa mwaka 2012 uliunganisha matukio ya zaidi ya dakika 6 na kiharusi, hata kwa wasio na dalili. Dawa ya kuzuia damu kuganda huamuliwa na daktari kwa kutazama urefu wa matukio pamoja na umri, shinikizo, kisukari na historia ya mgonjwa.

Tahadhari moja kuhusu nguzo mbili (umeme huenda na kurudi ndani ya waya) na nguzo moja (hurudi kupitia ganda la kifaa). Nguzo moja hutikisa misuli ya kifua, hivyo kuhamia nguzo mbili hutatua tatizo hilo. Lakini waya uliotengenezwa kwa nguzo moja ukipangwa nguzo mbili hautatoa pigo lolote. Thibitisha aina ya waya kwenye kadi au kwenye eksirei: waya wa nguzo mbili una pete inayoonekana nyuma kidogo ya ncha.

Kabla mgonjwa hajashuka kitandani

Soma kifaa upya, chapisha, na uweke karatasi hii kando ya ile ya kwanza. Pitia mstari kwa mstari. Kila tofauti iwe na sababu uliyoiandika: kilikuwa nini, sasa ni nini, kwa nini. Tafuta hasa mabaki ya vipimo, kama AV ya 100 uliyoifupisha kwa ajili ya kizingiti, au kasi ya 30, au mwendo wa AAI. Aliyetoka kwenye MRI hivi karibuni mkague kama mwendo wa MRI ulizimwa, kwa kuwa ukibaki, kifaa kinaendesha moyo bila kuusikiliza, au hakiuendeshi kabisa. Kisha mwache aketi, asimame, atembee hatua chache ECG ikiwa bado imefungwa, umuulize tena lile swali la kwanza.